Chokaa ya Shamba: Kupima Kiasi Chake na Kasi Yake

Chokaa ya kilimo huhitaji vipimo viwili. Cha kwanza huonyesha ina uwezo kiasi gani wa kupunguza asidi ya udongo. Hicho ni kazi ya uchanganuzi wa kikemia, na jibu lake ni kiasi. Cha pili huonyesha uwezo huo utatumika upesi au polepole. Hicho ni kazi ya uchunguzi wa kasi ya mmenyuko, na jibu lake ni muda. Anayenunua mfuko kwa kuangalia asilimia peke yake hajajua bado atapata nini msimu huu, kwa sababu jiwe safi la chokaa likiwa katika punje kubwa hukaa ardhini miaka na mikaka huku maharagwe yakizidi kuwa manjano.

Mwongozo huu unamhusu mwalimu wa kemia, mwanafunzi wa sekondari, ofisa kilimo na chama cha ushirika katika sekta ya Gashonga, wilaya ya Rusizi, magharibi mwa Rwanda, na yeyote mwenye maabara ndogo ya shule mahali penye udongo wenye asidi.

1. Kwa nini chokaa ipimwe

Mvua nyingi ya milima ya Rusizi huosha kalsiamu na magnesiamu kutoka tabaka la juu la udongo. Kadiri madini hayo yanavyopungua, ndivyo asidi inavyopanda. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa katika udongo huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi ya mbolea hunaswa isiufikie mmea. Mkulima huona mbolea imewekwa na mavuno hayakuongezeka. Chokaa hurekebisha hali hiyo kwa kumenyuka na asidi, na kuirudisha alumini katika hali isiyodhuru.

Wilaya ya Rusizi ina mawe yake ya chokaa. Huko Mashyuza, katika sekta ya Nyakabuye, maji moto hutoka chini ya ardhi yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka pamoja na hewa ukaa. Yakifika juu, hewa ukaa huponyoka, na chokaa isiyoweza tena kubaki majini huganda na kuwa jiwe. Mawe ya chokaa ya ukanda huo ndiyo yanayolisha pia kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984 katika bonde la Bugarama. Jiwe la namna hii hujengeka tabaka juu ya tabaka, na katikati hujipenyeza udongo na mchanga. Ndiyo maana mawe yaliyochimbwa hatua chache mbalimbali yanaweza kutofautiana ubora, na mfuko mmoja usiwe shahidi wa mifuko mingine.

Sokoni kuna chokaa za aina tatu. Uwezo wake hulinganishwa na kabonati safi ya kalsiamu, iliyopewa alama 100:

- Unga wa mawe yaliyosagwa (kabonati ya kalsiamu): 100 ikiwa safi.
- Chokaa iliyozimwa kwa maji (hidroksidi ya kalsiamu): 135.
- Chokaa iliyochomwa tanuruni (oksidi ya kalsiamu): 179.

2. Vifaa

Kabla ya kuanza, hakikisha vitu hivi vipo:

- Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 au ndogo zaidi
- Bureti ya mililita 50, na pipeti za mililita 10 na 50
- Chupa koni nne za mililita 250 na mbili za mililita 500
- Jiko la umeme au la gesi, na wavu wa kuwekea chupa
- Nyungo mbili za waya, moja ya tundu la milimita 2 na nyingine ya milimita 0.25
- Kipimajoto, na saa yenye sekunde (ya simu inatosha)
- Asidi hidrokloriki
- Hidroksidi ya sodiamu, ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki
- Kabonati ya sodiamu ya maabara. Magadi ya sokoni hayafai kwa kazi hii
- Viashiria: fenolfthaleini na methili oranji
- Siki nyeupe ya asilimia 5
- Maji yaliyokenekwa

> TAHADHARI: MAJI YA BETRI
> Jina hili hutumika kwa vitu viwili tofauti. Chupa moja huwa na maji matupu ya kuongezea betri. Nyingine huwa na asidi salfuriki. Soma maandishi ya chupa kabla ya kununua na kabla ya kufungua. Ile ya maji hufaa maabara isiyo na mtambo wa kukeneka. Ile ya asidi isitumike badala ya asidi hidrokloriki: ikigusa jiwe la chokaa hutengeneza jasi, na jasi huifunika punje kama ganda mpaka mmenyuko unasimama. Atakayeitumia ataona povu limekoma, na ataamini kwamba chokaa imekwisha.

3. Usalama

1. Vaa miwani ya kinga na glavu wakati wote. Kostiki na chokaa iliyochomwa hudhuru macho kuliko watu wengi wanavyodhani.
2. Asidi humiminwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji yasimiminwe juu ya asidi kali.
3. Fungua asidi kali ya dukani dirishani au nje, kwani moshi wake huchoma pua na koo.
4. Usizibe kwa nguvu chupa ambayo ndani yake chokaa na asidi vinamenyuka. Gesi ikikosa njia, chupa hupasuka.
5. Kitu kikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke aliyeumia kwenye kituo cha afya.
6. Usionje wala usivute kwa mdomo. Pipeti hujazwa kwa mpira wake.

4. Kuchukua sampuli

Kosa lililofanyika hapa halisahihishwi na mizani wala bureti. Katika mfuko uliosafirishwa kwa gari, unga laini huzama chini na punje kubwa hupanda juu. Anayechota juu ya mfuko hupima punje kubwa peke yake.

1. Chagua mifuko mitano au zaidi kutoka sehemu mbalimbali za shehena.
2. Choma kila mfuko kwa bambo, lile la kutolea sampuli ya nafaka, likiingia kwa mshazari hadi katikati. Toa viganja viwili hivi.
3. Mwaga vyote juu ya turubai safi, changanya, kisha vifanye kichuguu.
4. Kibonyeze kichuguu na ukigawe mafungu manne. Ondoa mafungu mawili yanayokabiliana, changanya yaliyobaki.
5. Rudia mpaka ibaki nusu kilo hivi.
6. Igawe sehemu mbili. Moja iandikwe tarehe, jina la mwuzaji na idadi ya mifuko, ifungwe na kuhifadhiwa endapo matokeo yatabishaniwa. Nyingine ipelekwe maabara.
7. Kausha sampuli ya maabara katika oveni ya nyuzi 105 kwa saa 2. Pima uzito kabla na baada. Tofauti ni maji. Mfuko uliolowa huuza maji kwa bei ya chokaa.

Usiisage sampuli yote. Sehemu itakayopimwa kasi lazima ibaki na punje zake kama zilivyotoka mfukoni. Sehemu ya uchanganuzi, gramu 20 hivi, ndiyo isagwe kwenye kinu cha maabara iwe laini.

> JARIBIO LA HARAKA DUKANI
> Matone machache ya siki juu ya unga wa mawe ya chokaa hutoa povu. Povu linaonyesha kwamba kabonati ipo. Halionyeshi ni kiasi gani. Kutokuwepo kwa povu si ushahidi wa udanganyifu: chokaa iliyochomwa au kuzimwa karibuni haitoi povu, na bado ina nguvu kuliko unga wa mawe.

5. Kupima kiasi: titresheni ya kurudi

*Kwa nini titresheni ya kurudi.* Katika titresheni ya kawaida, myeyusho mmoja hudondoshwa katika mwingine mpaka kiashiria kibadilike rangi. Jiwe la chokaa haliyeyuki katika maji matupu, na punje zake za mwisho humalizika kwa kujikokota. Rangi ingebadilika na kurudi mara nyingi, na hakuna ambaye angejua asimame wapi. Njia ni kuipa chokaa asidi kuliko inavyohitaji, kuichemsha mpaka kazi iishe, kisha kupima asidi iliyobaki. Iliyotumika ni ile iliyowekwa kuondoa iliyobaki.

*Kutayarisha miyeyusho*

1. Asidi ya moli 0.5 kwa lita: tia mililita 600 za maji katika chupa ya lita moja, ongeza polepole mililita 42 za asidi hidrokloriki kali (ya asilimia 37), acha ipoe, kisha jaza maji hadi alama.
2. Hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.25 kwa lita: yeyusha gramu 10 katika maji, acha ipoe, jaza hadi lita moja. Hifadhi katika chupa ya plastiki yenye kifuniko.

Namba hizo ni za kukadiria tu. Asidi kali hupoteza nguvu kila inapofunguliwa, na kostiki hunyonya unyevu na hewa ukaa papo hapo inapopimwa kwenye mizani. Kwa hiyo ukolezo halisi lazima uthibitishwe:

3. Kausha kabonati ya sodiamu, pima gramu 0.53, yeyusha katika maji mililita 50, tia matone mawili ya methili oranji.
4. Dondosha asidi kutoka bureti hadi rangi igeuke kutoka njano kuwa chungwa. Asidi iliyo sawasawa na moli 0.5 itatumia mililita 20.0. Ikitumia zaidi, ni hafifu. Ikitumia pungufu, ni kali. Ukolezo halisi ni 10.0 kugawanya kwa mililita zilizotumika.
5. Chukua mililita 10.0 za asidi hiyo kwa pipeti, tia fenolfthaleini, dondosha kostiki hadi waridi. Ukolezo wa kostiki ni ukolezo wa asidi mara 10.0, kugawanya kwa mililita za kostiki.

*Hatua za kipimo*

1. Pima gramu 1.00 ya unga uliosagwa. Kwa chokaa iliyochomwa au kuzimwa, pima gramu 0.50.
2. Tia katika chupa koni ya mililita 250. Lowesha kwa maji kidogo ili unga usiruke.
3. Ongeza mililita 50.0 za asidi kwa pipeti, polepole, huku ukizungusha chupa. Povu lisipande hadi shingoni.
4. Povu likitulia, chemsha taratibu kwa dakika 5. Kuchemsha humalizia punje zilizobaki na kufukuza hewa ukaa. Ikibaki, hewa hiyo hula kostiki na kuifanya chokaa ionekane dhaifu kuliko ilivyo.
5. Acha ipoe kabisa. Osha kuta za chupa kwa maji yaliyokenekwa.
6. Tia matone matatu ya fenolfthaleini. Myeyusho unapaswa kubaki bila rangi.
7. Dondosha kostiki kutoka bureti. Mwanzoni kila tone huacha doa la waridi linalopotea mara moja. Doa likianza kukawia, punguza mwendo uwe tone kwa tone.
8. Simama waridi hafifu likienea chupa nzima na kudumu sekunde 30. Andika mililita zilizotumika.
9. Rudia mara tatu. Vipimo viwili vinavyotofautiana kwa mililita 0.2 au chini ndivyo vya kutafutia wastani.

*Hesabu*

Asilimia ya uwezo = 5 × (50.0 × ukolezo wa asidi − mililita za kostiki × ukolezo wa kostiki) ÷ gramu za sampuli

Mfano: sampuli ni gramu 1.00, asidi 0.500, kostiki 0.250, na mililita 36.0 za kostiki zimetumika. Asidi iliyowekwa ni milimoli 25.0, iliyobaki ni 36.0 × 0.250 = 9.0, iliyotumika ni 16.0. Mara 5 ni asilimia 80. Chokaa hii ina nguvu sawa na kabonati safi kwa sehemu 80 katika 100.

*Makosa ya kawaida*

- Waridi kutokea kwa tone la kwanza. Asidi yote ilikwisha. Hakuna iliyobaki ya kupimwa. Rudia kwa nusu ya sampuli.
- Bureti yenye povu la hewa kwenye mdomo wa chini. Povu likitoka katikati ya kazi, huhesabika kama kostiki. Liondoe kabla ya kuanza.
- Kusoma bureti kutoka juu. Jicho liwe sawa na mpindo wa chini wa maji.
- Mawingu ya kahawia karibu na mwisho. Ni chuma na alumini kutoka udongo uliochanganyika na jiwe. Usiongeze kostiki ukisubiri yasafike. Angalia waridi lenyewe juu ya karatasi nyeupe.
- Kutumia maji ya rosela badala ya fenolfthaleini. Rangi yake hubadilika polepole na katika hatua kadhaa. Inafaa kuonyesha darasani, haifai kutoa namba.

6. Kupima kasi

*Kwa nini kasi.* Mmenyuko wa chokaa hutokea pale tu jiwe linapogusana na asidi, yaani juu ya uso wa punje. Punje ya umbo la mchemraba yenye upande wa milimita 2 ina uso wa milimita za mraba 24. Ikikatwa vipande vya robo milimita, hupatikana vipande 512 vyenye uso wa milimita za mraba 192. Jiwe ni lile lile na uzito ni ule ule, ila sehemu ya kufanyia kazi imeongezeka mara nane.

Kasi hujulikana kwa kufuatilia kitu kinachobadilika wakati mmenyuko ukiendelea. Mkemia Ludwig Wilhelmy, mwaka 1850, alifuatilia namna sukari inavyovunjika katika asidi kwa kupima mwanga unaopita ndani ya myeyusho, bila kuugusa. Kwa chokaa, kinachofuatiliwa kwa urahisi ni hewa ukaa: inapotoka, chupa hupungua uzito.

*Kwa nini siki.* Asidi hidrokloriki humaliza unga laini kwa muda mfupi mno kwa mtu kusoma mizani. Siki ni asidi dhaifu, hufanya kazi polepole, si ya hatari, na hupatikana dukani.

*Hatua*

1. Chukua sampuli kavu isiyosagwa. Pima gramu 5.00.
2. Tia mililita 200 za siki ya asilimia 5 katika chupa koni ya mililita 500. Pima joto lake na uliandike.
3. Weka chupa juu ya mizani pamoja na karatasi yenye sampuli na kipande cha pamba. Andika uzito wa vyote kwa pamoja.
4. Mwaga sampuli ndani kwa mkupuo mmoja, rudisha karatasi juu ya mizani, weka pamba mdomoni bila kuisokota. Pamba huzuia matone kuruka na huipitisha gesi. Anza saa papo hapo.
5. Soma uzito kila sekunde 15 kwa dakika 2 za mwanzo, kisha kila dakika hadi dakika 15.
6. Baada ya kila usomaji zungusha chupa mara tatu, kwa mwendo ule ule. Mmenyuko huu hutegemea sana namna asidi mpya inavyoifikia punje. Anayezungusha zaidi hupata kasi kubwa zaidi kwa chokaa ile ile.
7. Toa kila uzito kutoka ule wa mwanzo upate uzito uliopotea. Chora grafu: muda chini, uzito uliopotea kando.
8. Soma muda uliochukua kupoteza gramu 1.00. Huo ndio muda wa kulinganishia sampuli.
9. Rudia mara mbili kwa kila chokaa, zote siku moja na kwa siki ya chupa moja.

*Kusoma grafu*

Mstari hupanda kwa ukali mwanzoni, kisha hulala. Mwinamo wa mwanzo ni kasi ya mwanzo. Mstari ukilala mapema na chini, kabonati ni kidogo. Ukipanda polepole lakini ukaendelea kupanda hadi mwisho wa kipimo, kabonati ipo na punje ni kubwa. Haya mawili huchanganywa mara nyingi. Kinachoyatenganisha ni namba ya titresheni.

Gramu 5.00 za kabonati safi zina gramu 2.20 za hewa ukaa, ila mizani haitaonyesha upungufu huo wote. Gramu 0.2 hadi 0.3 hivi hubaki zimeyeyuka ndani ya siki. Kwa hiyo kipimo hiki kisitumike kukadiria asilimia ya kabonati. Pia hakifai kwa chokaa iliyochomwa au kuzimwa, kwani hiyo haina hewa ukaa ya kutoa.

*Kwa darasa: kinachobadilisha kasi*

Badilisha jambo moja tu kila mara, mengine yabaki yalivyo. Tumia punje za milimita 1 hadi 2, gramu 5.00, katika mililita 200 za asidi hidrokloriki, na pima muda wa kupoteza gramu 0.50.

- Ukolezo: moli 0.5, 1.0 na 2.0 kwa lita, joto moja.
- Joto: nyuzi 20, 30 na 40, ukolezo mmoja. Chupa ikae kwanza katika beseni la maji yenye joto linalotakiwa.
- Ukubwa wa punje: ukolezo mmoja, joto moja.

Vitabu husema mimenyuko mingi huongeza kasi karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10. Chokaa katika asidi kali kwa kawaida haifiki hapo, kwa sababu kinachochelewesha ni safari ya asidi hadi kwenye punje kuliko mmenyuko wenyewe. Mwanafunzi aliyepata ongezeko dogo hajakosea.

> KISANDUKU: WANAOKUSANYA GESI
> Baadhi ya shule hupima ujazo wa gesi katika silinda iliyofudikizwa ndani ya maji. Vitabu vingi hutumia lita 24 kwa moli moja ya gesi. Namba hiyo ni ya mahali palipo usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na hapo shinikizo la hewa ni kilopaskali 85 hivi badala ya 101. Kwa nyuzi 20, gesi iliyokusanywa juu ya maji hujaza lita 29.5 hivi kwa moli. Anayetumia 24 atapata hewa ukaa zaidi ya iliyomo kwa zaidi ya asilimia 20, na jiwe la kawaida litaonekana safi kuliko usafi wenyewe. Kila mita 100 za kupanda hupunguza kilopaskali 1 hivi, kwa hiyo Bugarama iliyo bondeni na vilima vilivyo juu ya ziwa havitumii namba moja.
> Hewa ukaa huyeyuka pia katika maji ya beseni. Yapitishie kwanza gesi ya jaribio la awali mpaka yashibe, ndipo ukusanye.

7. Kuunganisha majibu mawili

Ili kupata namba moja ya kununulia, asilimia ya titresheni huzidishwa kwa kipimo cha ulaini. Chekecha gramu 100 za sampuli kavu kwa nyungo mbili, pima kila fungu, kisha tumia ukadiriaji huu mwepesi unaofanana na ule unaotumika katika kilimo nchi nyingi: kilichopita ungo wa milimita 0.25 huhesabiwa chote. Kilichobaki kati ya nyungo mbili huhesabiwa nusu. Kilichobaki juu ya ungo wa milimita 2 hakihesabiwi.

Mfano wenye namba za kubuni:

| | Chokaa A | Chokaa B |
|---|---|---|
| Titresheni (asilimia) | 80 | 93 |
| Iliyopita milimita 0.25 | gramu 90 | gramu 30 |
| Kati ya milimita 0.25 na 2 | gramu 10 | gramu 50 |
| Zaidi ya milimita 2 | 0 | gramu 20 |
| Kipimo cha ulaini | 0.95 | 0.55 |
| Nguvu ya msimu (asilimia) | 76 | 51 |
| Muda wa kupoteza gramu 1.00 | dakika 1 | dakika 6 |

Chokaa B ni safi zaidi, na bado mfuko wake wa kilo 50 unatoa kilo 25.5 za kufanya kazi msimu huu, wakati wa A unatoa kilo 38. Ushauri wa kilimo ukiwa tani 2 za chokaa safi na laini kwa hekta, A itahitajika tani 2.6 na B tani 3.9. Bei ilinganishwe kwa kilo hizo zinazofanya kazi, pamoja na gharama ya kupandisha mzigo mlimani. Ziada ya B haijapotea, kwani punje zake za kati zitaendelea kufanya kazi misimu inayofuata. Ila mkulima anayehitaji mavuno ya mwaka huu haitamsaidia kwa wakati.

Muda uliopimwa kwa siki hauonyeshi siku ambazo chokaa itachukua shambani. Kazi yake ni kupanga sampuli kwa mfuatano na kuuthibitisha ungo. Ungo ukisema chokaa ni laini na siki ikasema ni ya polepole, titresheni itazamwe upya: huenda ulaini huo ni wa udongo.

8. Kutupa mabaki na kutunza kumbukumbu

Mabaki ya titresheni ni chumvi iliyozimuliwa. Humwagwa kwenye mtaro wa maabara pamoja na maji mengi. Asidi iliyosalia iuawe kwanza kwa unga wa chokaa hadi povu likome. Kostiki isiachwe ndani ya bureti usiku kucha, kwa kuwa hugandisha bomba la kioo.

Matokeo ya maabara ya shule yanamsaidia mnunuzi kuchagua. Hayatoshi kumshtaki mwuzaji. Penye mgogoro, ile nusu ya sampuli iliyofungwa ipelekwe kwenye maabara inayotambulika. Kiasi cha kuweka shambani nacho hutegemea kipimo cha udongo wenyewe, si cha chokaa peke yake. Chokaa ikizidi hufunga zinki, chuma na manganizi.

Orodha ya kukagua kabla ya kutoa jibu:

- [ ] Sampuli imetoka mifuko mitano au zaidi
- [ ] Unyevu umeandikwa
- [ ] Aina ya chokaa imejulikana: ya mawe, iliyochomwa au iliyozimwa
- [ ] Ukolezo wa asidi na wa kostiki umethibitishwa wiki hii
- [ ] Vipimo viwili vya titresheni vimekubaliana ndani ya mililita 0.2
- [ ] Myeyusho ulichemshwa na kupozwa kabla ya kostiki
- [ ] Kasi imepimwa kwa punje zisizosagwa
- [ ] Joto la siki limeandikwa
- [ ] Ungo, titresheni na kasi havipingani
- [ ] Nusu ya sampuli imehifadhiwa ikiwa na tarehe na jina la mwuzaji